Vilima nyuma ya kilele cha alumini si uchafu

Ukipima alumini safi kwa eksirei, yaani ukihesabu elektroni zinazong'olewa kwa kila kiwango cha nishati, grafu hutoa kilele kimoja kirefu, na nyuma yake vilima vinavyozidi kufifia. Wanafunzi wa hapa Mwanza hunitumia grafu hizo wakiuliza ni uchafu gani umeingia. Mara nyingi hakuna.

Eksirei ya mashine nyingi ina nishati ya elektronivolti 1,486.6. Elektroni ya ngazi ya 2p, moja ya ngazi za ndani za atomu, imefungwa kwa takriban 73, kwa hiyo iking'olewa hutoka na kama 1,410. Zilizotoka bila kupoteza kitu ndizo zinazojenga kilele. Nyingine hufika zikiwa na pungufu ya 15, 30 au 45. Ni kwa mafungu, kwa sababu elektroni huru za alumini, tatu kwa kila atomu, huyumba zote pamoja, na myumbo huo, yaani plasmoni, haupokei nusu. Hesabu rahisi ya wanafizikia Bohm na Pines inatoa 15.8, vipimo vinaonyesha karibu 15. Juu kabisa ya uso, gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2: ndiyo maana kuna kilima kingine kidogo kwenye 10.5 hivi. (Msiijaribu kwa dhahabu ya Geita. Elektroni zake za ngazi iitwayo d huvuruga hesabu yote.)

Ugumu wa modeli, yaani hesabu ya kutabiri vilima hivi, uko hapa. Mtumbwi ukisukumwa kutoka ufukwe wa Kirumba, maji hutibuka pale uliposukumwa na kote unakopita, na mawimbi hayo hukutana. Elektroni ikiondoka huacha shimo lenye chaji chanya, ambalo nalo hutikisa zile elektroni huru. Ikiwa elektroni inakwenda polepole, chaji kinzani za hiyo elektroni na shimo hukaribia kufutana na vilima hupungua. Ikienda kasi, mtikiso wa kila moja huonekana. Hivyo ukikokotoa hasara ya shimo peke yake, ya safari peke yake, kisha ukajumlisha, utapata vilima virefu kuliko vilivyopimwa.

Mstari wa Shirley wa 1972, unaochorwa chini ya kilele ili kufuta usuli wa grafu, ni wa haraka na uko kwenye kila programu, ila haujui lolote kuhusu plasmoni. Mimi siutumii kwa alumini. Kabla ya kufuta chochote, pimeni angalau elektronivolti 60 chini ya kilele, la sivyo kilima cha tatu na cha nne hakitakuwemo na modeli haitakuwa na cha kulinganisha.