Barua pepe milioni tatu za kesi: nani anazisoma, na nani anahesabu zilizoachwa?

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, David Blair na M. E. Maron, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutukosesha raha sisi tunaopekua nyaraka za kesi. Walichukua shauri la kweli lenye nyaraka zipatazo 40,000, kurasa karibu 350,000, zote zikiwa ndani ya kompyuta. Mawakili walitafuta kwa maneno mpaka wakaamini wamepata robo tatu ya kilichohitajika. Ilipopigwa hesabu, walikuwa wamepata takriban asilimia 20. Shauri lilihusu ajali, nao wakatafuta "ajali". Kumbe baadhi ya watu wa upande wa utetezi hawakuliandika neno hilo. Waliandika "tukio", "hali ile", "tatizo".

Kwa hiyo anayekuuzia programu ya upekuzi, usimwulize kwanza inasoma kwa kasi gani. Mwulize utajuaje ilichokosa.

Kwa ambaye hajawahi kuburutwa mahakamani: katika kesi za madai, hasa kwenye nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, kila upande hutakiwa kumwonyesha mwenzake nyaraka zinazohusu mgogoro, hata zile zinazomuumiza mwenyewe. Zamani ilikuwa kazi ya maboksi na wanasheria vijana wenye macho mekundu. Desemba 2006 kanuni za mahakama za shirikisho za Marekani zilitaja waziwazi taarifa zilizohifadhiwa kielektroniki, na tangu hapo boksi limegeuka kuwa seva, simu na makundi ya WhatsApp.

Kuna kazi ambazo mashine huzimaliza bila ubishi. Kuondoa nakala ni mojawapo. Kila faili hupigiwa hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu, mithili ya alama ya kidole. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano huwa mwingine kabisa. Faili mbili zenye alama moja ni kitu kimoja, basi inasomwa moja. Katika kesi ya Pyrrho, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 2016, nyaraka zaidi ya milioni 17 zilipungua hadi milioni tatu na kidogo kwa hatua hiyo. Programu pia huunganisha majibu ya barua pepe kuwa mazungumzo mamoja, ili mtu asisome "asante, nimepokea" mara arobaini.

Hizo milioni tatu zilizobaki ndizo zenye mjadala. Mahakama katika kesi hiyo iliruhusu mashine ifundishwe kuzichambua, kama jaji Andrew Peck wa New York alivyokwisha kuruhusu mwaka 2012. Wakili anayelijua shauri husoma nyaraka kadhaa na kuzipa alama: hii inahusika, hii haihusiki. Programu hujifunza kutoka kwenye alama hizo, kisha huzipanga zilizobaki kuanzia zinazoelekea kuhusika zaidi. Akikosea mwalimu, mwanafunzi naye hukosea, tena kwa bidii.

Kisha huja hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu inachosha: kupekua kapu la zilizotupwa. Tuseme mashine imetoa nyaraka 12,000 zinazohusika na kutupa 600,000. Chukua 3,000 kutoka kapuni bila kuchagua, mpe mtu azisome. Akikuta 15 zinazohusika, hiyo ni nusu ya asilimia moja, na kwa kapu zima ni kama 3,000. Maana yake kwenye jumla ya 15,000 umepata 12,000, yaani asilimia 80. Ni makadirio, lakini ni namba unayoweza kumwonyesha jaji. Mawakili wa mwaka 1985 walikuwa na imani tu.

Kiswahili kina mtihani wake hapa. Vifaa vingi vya utafutaji vilibuniwa kwa lugha ambazo maneno hubadilika mwishoni: unaandika shina, unaweka nyota, programu inamalizia. Jaribu hivyo kwa "lipa". Utakosa "alilipa", "hatukulipwa", "malipo" na "mlipe kesho", kwa kuwa kwetu neno hubadilika mbele na nyuma. Ongeza "cjui" na "xaxa" za kwenye simu, ongeza mtu anayechanganya lugha mbili katika sentensi moja. Na anayetoa rushwa haandiki rushwa. Huandika "ule mzigo umefika". Ukitafuta "rushwa" utaletewa sera ya kampuni ya kupambana na rushwa, imeandikwa vizuri kabisa.

Akili mnemba ya kizazi hiki husaidia hapo, maana hutazama maana ya sentensi nzima na huweza kueleza kwa nini imechagua waraka fulani. Mimi huyasoma maelezo hayo kwa tahadhari. Huandikwa kwa ufasaha uleule, iwe imepatia au imekosea. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Kapu la zilizotupwa bado linahitaji kupekuliwa.

Mashine haipekui kilichofutwa. Mgogoro ukinukia, simamisha mara moja ufutaji wa barua pepe, pamoja na ule unaojiendesha wenyewe. Katika kesi ya Laura Zubulake dhidi ya mwajiri wake wa zamani, benki ya UBS, barua pepe zilipotea, jaji akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba wanaweza kuchukulia zilikuwa na habari mbaya kwa benki. Mwaka 2005 walimpa dola zaidi ya milioni 29.

Kosa la upande wa pili ni kutoa kilichopaswa kufichwa. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump, waliwasilisha waraka wenye mistari iliyozibwa kwa weusi, na waandishi wa habari wakayasoma yaliyo chini yake. Weusi ulikuwa umelazwa juu ya maneno tu. Kabla hujakabidhi faili, chagua sehemu nyeusi, inakili, ibandike kwenye ukurasa mtupu. Yakitokea maneno, bado hujaficha kitu.