"Wagonjwa Wangu Wamepona": Kwa Nini Haitoshi Katika Majaribio ya Mitishamba kwa IBS

Malalamiko kuhusu majaribio ya dawa za mitishamba kwa wagonjwa wa IBS (tatizo la utumbo linaloleta maumivu ya tumbo, kuharisha au kufunga choo) yameongezeka, na yanatoka pande mbili. Watengenezaji wanasema sisi tunaopitia maombi ya majaribio tunawawekea vikwazo ilhali wagonjwa wao wamepona. Washiriki nao, jaribio likishafungwa na siri ya nani alikuwa kundi gani kufunguliwa, wanagundua kwamba muda wote walikuwa wakimeza plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, na wanasema wamedanganywa. Tunaamini pande zote zina nia njema. Tunawajibu kwa pamoja kwa sababu jibu lao ni moja.

IBS huja na kuondoka. Mtu hutafuta dawa siku tumbo limemzidi, na siku hizo mbaya zikipita hali hutulia hata kama hakunywa kitu. Isitoshe, katika majaribio ya ugonjwa huu, takribani wagonjwa wanne kati ya kumi hupata nafuu kwa plasebo peke yake. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani waliwapa wagonjwa vidonge huku wakiwaambia waziwazi kwamba havina dawa. Baada ya wiki 3, asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kidonge chochote. Kwa hiyo mtengenezaji anayetuletea barua 30 za shukrani hajatuletea ushahidi. Maji ya rangi nayo yangepata barua hizo.

Hatupingi mitishamba. Tumelisema hili hadi tumechoka, lakini tunalirudia. Ndiyo maana kundi la plasebo lipo: bila hilo, dawa nzuri na dawa isiyo na kitu zinafanana. Mwaka huohuo wa 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mmea wa Hypericum perforatum kwa wagonjwa 70 wa IBS. Walitumia kwa wiki 12, na waliopewa plasebo walifanya vizuri zaidi. Mmea huohuo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za kufubaza VVU. "Ni ya asili, haina madhara" si hoja tunayoweza kuipokea mezani.

Mshiriki anayelalamika kwamba alipewa plasebo aikumbuke fomu ya ridhaa, kwani inaeleza kwamba anaweza kuangukia kundi lolote na kwamba anaruhusiwa kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Kama hakuelezwa hayo, au alielezwa kwa lugha asiyoielewa, hapo lipo kosa kweli, na lipelekwe kwa kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti.

Maombi mengi hukwama kwenye utambulisho wa mmea. Jina la mtaani halitoshi. Tunahitaji jina la kisayansi, sehemu iliyotumika (mzizi, jani, gome), mahali na msimu wa kuvuna, sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), namna ulivyokamuliwa, kiasi cha kiambato kinachopimwa katika kila bechi, pamoja na vipimo vya madini mazito, vimelea na viuatilifu. Anayeona huu ni urasimu akumbuke Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza uzito, kwa sababu mmea wa Aristolochia fangchi uliingia mahali pa Stephania tetrandra. Majina ya mimea hiyo kwa Kichina yanakaribiana.

Halafu kuna suala la harufu. Mafuta ya mnanaa hulegeza misuli ya utumbo, na ni miongoni mwa mitishamba iliyopimwa zaidi kwa IBS. Lakini mshiriki akicheua na kusikia mnanaa, siri imevuja. Kwa hiyo kapsuli hutengenezwa ifunguke ikishapita tumboni, jambo ambalo pia hupunguza kiungulia. Tafadhali msiitafune. Hata kwa dawa hiyo, jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2020 halikufikia kipimo chake kikuu: maumivu kupungua kwa angalau asilimia 30, katika angalau nusu ya wiki za matibabu. Dalili nyingine zilipungua kiasi. Matokeo ya namna hiyo nayo huchapishwa, hata yakimuudhi mfadhili.

Kuhusu taratibu: jaribio husajiliwa kwenye rejista ya wazi kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa, si baada ya matokeo kupendeza. Kwa mwongozo wa kimataifa, madhara yasiyotarajiwa yanayodhaniwa kutokana na dawa, yakiwa yameua au kuhatarisha maisha, huripotiwa ndani ya siku 7. Mengine makubwa yasiyotarajiwa, ndani ya siku 15. Siku hizo huhesabiwa tangu mfadhili apate taarifa, hata ikiwa ni Ijumaa jioni. Anayekiuka anaweza kusimamishiwa jaribio, kufutiwa kibali, takwimu zake zote kukataliwa, na kushtakiwa pale sheria inapoelekeza hivyo. Kubadilisha kipimo kikuu katikati ya safari bila idhini ni ukiukaji, hata kama nia ilikuwa njema.

La mwisho ni la washiriki. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, au kuharisha kunakomwamsha mtu usiku si dalili za kuachia IBS. Usisubiri siku ya miadi. Piga simu iliyo kwenye fomu yako siku hiyohiyo. Na mtu akikwambia damu hiyo ni "dawa inasafisha tumbo", tuandikie jina la aliyekwambia.