Hitilafu ya basi ni nini, na inashikwaje?

Kichakataji hakina habari na RAM, flashi wala taima. Kinachokijua ni anwani. Kikitaka namba, hutoa anwani kwenye basi, yaani njia ya pamoja inayokiunganisha na sehemu zote za chipu, kisha hungoja jibu. Mara nyingi jibu ni data. Hitilafu ya basi ni pale jibu linaporudi kuwa ombi hilo limeshindikana: pengine kwenye anwani ile hakuna kitu, pengine kifaa kipo ila hakiruhusu kuandikwa, au mapigo yake ya saa hayajawashwa. Hilo la saa lina utata, maana chipu nyingine hutoa hitilafu na nyingine hurudisha sifuri kimyakimya.

Si kila pointa (kigezo kinachobeba anwani) iliyopotoka italeta hitilafu hii. Ikiangukia RAM inayotumiwa na sehemu nyingine ya programu, basi litajibu vizuri kabisa na data mbovu itaendelea na safari yake. Hata pointa tupu, yenye anwani 0, ikisomwa kwenye chipu nyingi za Cortex-M, familia ya vichakataji vidogo vya Arm, haizui kelele yoyote, kwa kuwa hapo kwa kawaida pana jedwali la vekta, yaani orodha ya anwani za kuanzia na za kushughulikia matukio. Ndiyo maana mimi huipokea hitilafu ya basi kama msaada: walau kosa limejitangaza mapema.

Nichukue Cortex-M3 na M4, kwa sababu zina vyombo vizuri vya kuishika. BusFault, jina la hitilafu ya basi kwenye chipu hizi, huanza ikiwa imezimwa. Usipoiwasha kwa biti ya 17 ya rejista (kisanduku kidogo cha namba ndani ya kichakataji) ya SHCSR, kosa hupandishwa daraja na kuwa HardFault, hitilafu ya jumla, na ukifika huko huna tena mlango wake wa pekee. Cortex-M0 haina BusFault wala rejista hizi za maelezo. Kila kitu huishia HardFault.

Kosa likitokea, sababu huandikwa kwenye rejista ya CFSR, anwani 0xE000ED28. Tuseme umeisoma ukakuta 0x00008200. Biti ya 9 imewaka: kosa ni la hakika, yaani amri iliyolileta inajulikana. Biti ya 15 nayo imewaka: anwani iliyo kwenye BFAR, rejista inayotunza anwani iliyoleta kosa, ni ya kuaminika. Unasoma BFAR, unakuta 0x20020000. Chipu yako ina RAM ya KB 128 inayoanzia 0x20000000, kwa hiyo neno la mwisho (neno ni baiti 4) liko 0x2001FFFC. Programu imesoma neno moja tu baada ya ukuta. Hapo sihitaji dibaga, chombo cha kuichunguza programu ikiendelea; natafuta kitanzi kinachopita kwenye RAM hadi mwisho, na mara nyingi nakuta mtu ameandika <= mahali pa <.

Lakini ukikuta 0x00000400, kazi imeanza. Hiyo ni biti ya 10, kosa lisilo la hakika. Kichakataji kinapoandika hakisubiri. Humwaga data kwenye bafa, ghala dogo la kupitishia, na kuendelea na amri zinazofuata. Jibu la kukataliwa linaporudi, amri yenye hatia imeshapitwa. BFAR haina la maana, na PC (rejista ya anwani ya amri) iliyohifadhiwa kwenye staki, eneo la RAM la kuwekea vitu kwa muda, inanyooshea kidole amri isiyo na kosa. Nimepoteza siku nzima nikichunguza fankisheni safi kwa sababu hiyo. Dawa yake wakati wa kutafuta kosa ni kuzima bafa hiyo kwa biti ya 1 ya rejista ya ACTLR. Programu itakuwa nzito kidogo, ila kosa litageuka kuwa la hakika na mkosaji atashikwa papo hapo.

Kushika ni nusu ya kazi. Kosa likiingia, Cortex-M husukuma angalau maneno 8 kwenye staki, na PC iko baiti 24 kutoka mwanzo wa furushi hilo (biti ya 2 ya LR, rejista ya kurudia, hukuambia kama ni staki kuu, MSP, au ile ya kazi za programu, PSP). Kwanza zima chochote kinachoweza kuumiza: mota, hita, vali. Kisha nakili PC, LR, CFSR na BFAR kwenye kipande cha RAM kisichofutwa wakati wa kuwaka, weka alama ya kuthibitisha kuwa rekodi ni halali, halafu washa chipu upya. Rekodi itatumwa au kuandikwa kwenye flashi baada ya kuwaka, mfumo ukiwa mzima. Usiite printf, fankisheni ya kuchapisha maandishi, humo ndani, maana pengine staki yenyewe ndiyo iliyoharibika. Usirudi pia kana kwamba hakuna kilichotokea: kwa kosa la hakika, kurudi ni kutekeleza amri ileile tena, na kosa lilelile. Kitanzi kitupu kisicho na mwisho kinafaa mezani tu, dibaga ikiwa imeunganishwa. Kwenye kifaa kilichoko kazini kinaua kifaa na ushahidi pamoja.

Yote haya yanategemea kwamba kuna anayejibu, hata kama anakataa. Basi la nje kama I2C, linalounganisha chipu kwa nyaya mbili, SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa, halileti BusFault. Kifaa kikikatizwa katikati ya kutuma kinaweza kuushikilia waya wa SDA chini, na programu inayongoja bila kikomo cha muda itangoja mpaka umeme ukatike. Kila kungoja kuwe na kikomo. Muda ukiisha, piga SCL hadi mara 9 ili kifaa kimalize baiti yake na kuuachia waya, kisha toa ishara ya kukomesha na uanze upya. SDA isipoachiliwa hata hapo, kata umeme wa kifaa hicho, kama aliyechora bodi alikuwekea swichi ya kufanya hivyo.