Elektroni kwenye waya hazina haraka hivyo

Kuna hii imani ya siku nyingi kwamba ukibonyeza swichi elektroni (vile vichembe vidogo vinavyobeba umeme) zinachomoka pale mpaka kwenye taa kwa spidi ya mwanga, ndo maana taa inawaka hapohapo. Kuwaka hapohapo ni kweli, sababu ndo sio hiyo.

Chukua waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, pitisha ampia 1, alafu piga hesabu, utakuta elektroni zinasogea kama milimita 0.07 kwa sekunde, yani mita moja tu inakula karibu masaa manne, konokono anaziacha mbali sana. Na hapo ni umeme wa betri. Ule wa majumbani zinaenda mbele zinarudi nyuma mara 50 au 60 kwa sekunde, kwa hiyo iliyoko kwenye swichi wala haiendi popote.

Kinachokimbia ni uga wa umeme, yani eneo lenye nguvu ya kuzisukuma elektroni. Waya ushajaa elektroni toka mwanzo, mpaka ndani ya taa, sasa ukiwasha uga unaenea kwenye waya mzima, kwenye kebo nyingi ni kama theluthi mbili ya spidi ya mwanga, na elektroni zote zinaanza kusukumwa karibu kwa pamoja. Nishati nayo, mwanafizikia John Henry Poynting alionyesha mwaka 1884, inapita kwenye uga unaozunguka waya (hii wengi huwa wanaikataa kwanza).

Ila elektroni mojamoja ina mbio kweli, kwenye shaba inafika kama kilomita 1,600 kwa sekunde, tatizo zinaenda kila upande ovyo, mwendo wao unafutana.