Je, wajua nani aliyepanga mawe ya Mwanza?

Ukiwa unasubiri kivuko cha Kamanga, geuza macho majini. Jiwe la Bismarck lile pale, limekaa juu ya wenzake kama chungu juu ya mafiga. Mgeni akiliona huuliza: nani alilipandisha?

Hakuna aliyelipandisha. Ni udongo ulioshuka.

Graniti ya Mwanza iliganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ziwa Victoria lenyewe, na miaka yake kama 400,000, ni mtoto wa juzi. Tabaka za juu zilipolika na mzigo kupungua, mwamba ulipasuka nyufa za kusimama na za kulala, ukawa kama matofali makubwa yaliyopangwa, ila bado yamefukiwa.

Maji ya mvua yakapenya kwenye zile nyufa. Madini yaitwayo felspa hayastahimili unyevu: huoza taratibu yakawa udongo laini. Sasa, pembe ya tofali huliwa kutoka pande tatu kwa mpigo, ubapa upande mmoja tu, hivyo pembe hutangulia kwisha. Tazama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni la kufulia. Mawe yetu yaliviringika hivyo hivyo, humo humo ardhini, kabla hayajaliona jua. Baadaye mvua ikaosha udongo, mawe yakabaki yamebebana.

Kwenye milima ya mji kazi hiyo haijaisha. Mengi bado yameshikwa na udongo uleule tunaouchimba kupata kiwanja, kwa hiyo fundi anayekata mteremko bila kutazama kilicho juu yake anacheza na roho za watu. Mengine huchomwa kwa matairi hadi yapasuke, kisha nyundo, kisha kokoto, ndoo kwa ndoo. Siwezi kumlaumu mama anayelipia ada kwa kokoto, lakini jiwe la namna hiyo halioti tena.

Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kimenusurika. Pimbi wanajificha kwenye mianya, na juu ya jiwe lenye joto utamkuta mjusi dume, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu, akitikisa kichwa kama mzee anayeafiki hoja barazani. Wataalamu wamempa jina la mji: Agama mwanzae.