Ugaidi na usalama wa taifa: dhana zinazotembea Mwanza na ukweli wake

Dhana: Ugaidi ni balaa la pwani na la mipakani, haliihusu Kanda ya Ziwa.

Kauli hii husikika Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kila redio inapotangaza shambulio mahali fulani, na anayeitamka huwa na hakika kwamba ziwa halina la kuogopwa zaidi ya dhoruba na uvuvi wa baruti. Yapo matukio mawili yanayoikanusha. La kwanza ni la tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo MV Bukoba, meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilizama ikikaribia Mwanza ikiwa na watu wengi kupita kiasi hicho. Miongoni mwa waliokufa maji alikuwamo Mmisri aliyejulikana kwa jina la Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa waanzilishi wa Al-Qaeda na kamanda wake wa kijeshi. Wakati sisi tukizika ndugu zetu Igoma, wenzake, akiwamo Fazul Abdullah Mohammed, walifika huku ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Agosti 1998, mtandao huohuo ulilipua balozi za Marekani jijini Dar es Salaam, ambako waliuawa watu 11, na jijini Nairobi, ambako waliuawa 213. Tukio la pili ni la Mei 2016, pale watu wenye mapanga na mashoka walipouvamia msikiti wa Rahman, eneo la Ibanda, Mkolani, wakaua watu watatu waliokuwa kwenye sala ya usiku.

Dhana: Gaidi ni mgeni, na dini yake inajulikana.

Waliouawa Mkolani walikuwa Waislamu msikitini mwao. Ahmed Khalfan Ghailani, aliyehukumiwa kifungo cha maisha huko New York mwaka 2011 kwa shambulio la 1998, ni mzaliwa wa Zanzibar. Na mahakama ya Kenya ilipowatia hatiani mwaka 2019 washirika wa mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, mmojawapo alikuwa Mtanzania. Anayesubiri kumtambua gaidi kwa sura ya ugeni au kwa kanzu atasubiri sana.

Dhana: Anayehoji vyombo vya usalama anamsaidia adui.

Hapa ndipo mjadala wa kisiasa unapoharibika, na ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka. Sheria iliyoanzisha rasmi Idara ya Usalama wa Taifa mwaka 1996 ilitamka kwamba si kazi ya Idara kumchunguza mtu kwa sababu tu anashiriki maandamano halali au anapingana na Serikali kuhusu Katiba au sheria za nchi. Waliotunga kifungu hicho hawakuwa wapinzani. Lilikuwa Bunge ambalo chama tawala kilikuwa na wingi mkubwa wa viti. Walielewa jambo la kawaida kabisa la kiutendaji, kwamba ofisa aliyepangiwa kumfuatilia mpinga hoja hayupo pale anapopita mwenye bomu.

Sasa tazama yaliyotokea katika jiji letu. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Julai 2021, Mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa hotelini Mwanza, alikokuja kwa ajili ya kongamano la Katiba mpya, kisha akashtakiwa Dar es Salaam kwa makosa yanayohusiana na ugaidi. Kwa kuwa kosa la ugaidi halina dhamana, alikaa mahabusu hadi tarehe 4 Machi 2022, pale Mkurugenzi wa Mashtaka alipotangaza kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa nao kwa ugaidi, walisota muda mrefu zaidi, miaka kadhaa, hadi mashtaka yao yalipoondolewa Juni 2021. Kuondolewa kwa mashtaka si hukumu kwamba mtu hana kosa, na mwandishi mwaminifu hana budi kulisema hilo. Lakini shtaka zito kuliko karibu mengine yote likifunguliwa, likamfunga mtu miezi au miaka, kisha likaachwa bila hukumu, raia wana haki ya kuuliza ushahidi ulikuwa wapi. Kuuliza huko si kumhurumia gaidi.

Upande wa pili nao una dhana yake, na marafiki zangu wa upinzani hawapendi kuisikia: kwamba kila kesi ya ugaidi ni njama na tishio lenyewe ni la kubuni. Kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji. Wale wafiwa wa Mkolani hawakubuniwa na mtu.

Dhana: Kamata wengi, mmoja wao atakuwa ndiye.

Kenya ilijaribu. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, hasa Wasomali wa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Juni mwaka uleule mji wa Mpeketoni, pwani ya Kenya, ulishambuliwa, na Aprili 2015 watu 148 wakauawa Garissa. Sidai kwamba operesheni ndiyo iliyoleta mashambulio hayo, ila haikuyazuia. Utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) uliotolewa mwaka 2017, uliowahoji watu waliokuwa wamejiunga na makundi ya kigaidi katika nchi kadhaa za Afrika, ulikuta asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari wakitaja hatua ya serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndiyo iliyowasukuma mwishowe.

Imani ya mwisho ni kwamba shambulio huzuiwa na silaha na vizuizi vya barabarani. Vina kazi yake. Hata hivyo, Novemba 1997 Mmisri mmoja aliingia kwa miguu yake katika ubalozi wa Marekani Nairobi, akaeleza kuwa kuna mpango wa kuulipua kwa lori. Alizuiliwa, kisha akafukuzwa nchini Kenya, na miezi tisa baadaye lori likafika. Taarifa ilikuwapo tangu mwanzo. Usukumani jambo hili si geni, kwani sungusungu wa miaka ya 1980 walipambana na wezi wa ng'ombe kwa sababu mtu alipopiga yowe kijiji kizima kilitoka, ingawa nao, walipoanza kuadhibu kwa tetesi, waliumiza wasio na hatia. Mkazi wa Ibanda anayeona jirani akipokea watu asiowaelewa usiku ana simu mfukoni na namba ya polisi anaijua. Anachokipima kabla ya kupiga ni kama atapokewa kama shahidi au kama mtuhumiwa.