Ngozi Inawasha, Daktari Anataka Damu: Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Mama mmoja kutoka upande wa Wete, hapa Pemba, alikuja na kijana wake wa miaka 19, mgonjwa wa pumu ya ngozi tangu utotoni. Nyuma ya magoti ngozi imekuwa nene kama gamba, na mikono ya shati ina vidoa vya damu kwa kujikuna usiku. Dawa za kupaka zilishachoka. Daktari akataka kumuanzishia azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, lakini kwanza akaandika kipimo cha damu. Mama akanigeukia: "Mwanangu, ngozi ndiyo inayomsumbua. Damu ya nini tena?"

Mimi ni muuguzi, na swali hilo nalipenda, kwa sababu anayeuliza hivyo anataka kujua kinachoingia mwilini mwa mwanawe. Nalijibu hapa pamoja na mengine yanayofuatana nalo.

Kweli, damu ya nini?

Azathioprini ikishamezwa hugeuka kuwa merkaptopurini. Mwili una kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, kiitwacho TPMT ambacho kazi yake mojawapo ni kuipunguza nguvu dawa hiyo. Kimeng'enya kikiwa kichache, mabaki makali ya dawa hujilimbikiza kwenye uboho wa mifupa, kule chembe za damu zinakotengenezwa. Uzalishaji hudorora, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi hushuka, na mgonjwa aliyekuja na muwasho anaweza kuuawa na homa ya siku mbili.

TPMT imo kwenye ini na sehemu nyingine za mwili, lakini hakuna haja ya kumkata mtu ini. Imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu, na kiwango cha humo kinatuonesha hali ya kwengine. Ndiyo maana sindano moja ya mkono inatosha.

Wenye upungufu huo ni wengi?

Mwaka 1980 watafiti Weinshilboum na Sladek wa Marekani walichapisha vipimo vya watu 298. Karibu 89 katika kila 100 walikuwa na kimeng'enya kingi, 11 walikuwa na cha kati, na mtu mmoja tu katika wote 298 hakuonekana nacho kabisa. Waafrika nao wanao upungufu huu, ingawa badiliko la urithi linalouleta kwetu mara nyingi si lile lililo la kawaida kwa Wazungu. Mwenye cha kati hupewa dozi ndogo zaidi. Asiyenacho, kwa kawaida daktari humtafutia dawa nyingine.

Basi ugonjwa wa ngozi ndio uliokishusha?

Hapana. Mtu huzaliwa nacho hivyo, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Upungufu huo hautokani na uchafu, kula pweza, wala jicho la mtu. Nasema hili waziwazi kwa sababu nimeona vijana wenye ngozi kama ya huyu wetu wakizungushwa kwa waganga miaka mitatu mizima, huku dawa ipo.

Majibu yamekuja ya kawaida. Nimesalimika?

Umepunguza hatari, hujaimaliza. Chembe zinaweza kushuka hata kwa mwenye TPMT ya kutosha. Kwa hiyo damu huhesabiwa kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, lakini isipite miezi mitatu bila kupimwa. Najua nauli ya kutoka Micheweni hadi Chake Chake si mchezo kila wiki. Hata hivyo, wiki hizo nne naziombea radhi kwa kila mgonjwa, na sizilegezi.

Na kati ya kipimo na kipimo: homa, koo kuuma, vidonda mdomoni, fizi kutoa damu, michubuko bila kugongwa. Ukiona kimoja tu, acha kidonge cha siku hiyo na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu.

Huku kwetu kipimo chenyewe cha TPMT hakipo. Tufanyeje?

Hakipatikani kila maabara, ni kweli. Daktari anaweza kuanza na dozi ya chini sana, akahesabu chembe za damu mara kwa mara, na kupandisha kidogo kidogo. Hesabu ya damu ndiyo inayobeba mzigo hapo.

Nimeongezewa damu mwezi uliopita. Inaharibu kipimo?

Ndiyo. Tutakuwa tunapima kimeng'enya cha aliyekupa damu, wala si chako. Chembe nyekundu huishi siku kama 120, kwa hiyo mwambie daktari kabla hajaandika.

Baba ana jongo na anameza alopurinoli. Akianzishiwa azathioprini, iko shida?

Kubwa. Alopurinoli hufunga njia nyingine ambayo mwili huitumia kuivunja azathioprini, na dozi ya kawaida inageuka sumu. Mbebeeni daktari vidonge vyote vya nyumbani, hata vile vya kwenye mkebe wa biskuti, avione kwa macho yake.

Jirani yangu ana malengelenge, kapewa dapsoni. Naye apimwe TPMT?

Kwake kinachopimwa ni kimeng'enya kingine, G6PD, nacho kimo ndani ya chembe nyekundu pia. Kazi yake ni kuzilinda chembe hizo zisiunguzwe na kemikali. Upungufu wake umeenea sana katika nchi za malaria, pwani yetu ikiwemo, kwani humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Wanaume ndio hupatwa zaidi. Dapsoni hutumika kwa baadhi ya magonjwa ya malengelenge, na kwa ukoma pamoja na rifampisini na klofazimini. Mwenye upungufu akiimeza, chembe nyekundu hupasuka, macho hugeuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa chungu ya barazani. Ndugu zangu, mkojo wa rangi hiyo haungojwi mpaka asubuhi.

Kupima wakati chembe zimeshapasuka kunaweza kudanganya, maana zilizobaki ni changa na zina kimeng'enya zaidi. Hupimwa tena baada ya miezi kama mitatu.

Mjukuu wangu ana siku kumi. Nimemtayarishia hina ya arubaini yake. Kuna ubaya?

Bibi, swali hili lingekuwa langu la kwanza kama ningepanga kwa umuhimu. Hina huonekana ya mikononi tu, lakini dawa iliyomo hupenya ngozi laini ya mtoto mchanga, na kama mtoto ana upungufu wa G6PD chembe zake zinaweza kupasuka. Watoto wamewahi kupata manjano kali na upungufu mkubwa wa damu kwa kupakwa hina. Vidonge vyeupe vya kuhifadhia nguo kabatini vina hatari kama hiyo. Nguo za mtoto zisikae navyo. Mpake hina mama yake, mtoto muache na mafuta yake ya nazi. Na kama umeshampaka, mtazame weupe wa macho juani asubuhi, angalia nepi ina mkojo wa rangi gani, uone ananyonya kwa nguvu ile ile ya jana. Akiwa manjano, au mlegevu, mfunike kanga na mkamate gari, hata kama ni usiku wa manane.